Risasi Laini na Risasi Ngumu: Ipi kwa Mnyama Yupi?

(Maneno ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vijana wanaojifunza kazi ya uaskari wa wanyama wa pori)



Yafaa mjue tangu mwanzo kwamba mimi si mwindaji, wala sijapata kumpiga nyati. Kazi yangu ni kufasiri maandishi ya Serikali. Lakini mtu aliyepewa kufasiri habari za bunduki hana budi kuwauliza wanaozijua, maana neno likikosewa katika maandishi ya namna hii, atakayeumia si mfasiri. Basi niliuliza, nikaonyeshwa na risasi zilizokatwa katikati, hata nikalielewa jambo ambalo nataka kuwaeleza leo.

Neno lenyewe hutudanganya. Risasi kwa asili ni jina la madini, yale mazito na laini ambayo wavuvi huyafunga katika nyavu ili zizame. Kwa kuwa zamani vitu vilivyotoka bundukini vilifanywa kwa madini hayo, twaviita vyote risasi, hata vile vya siku hizi vilivyochongwa kwa shaba tupu. Kwa hiyo mtu akiambiwa, "Chukua risasi tano," hudhani zote ni sawa. Sivyo hata kidogo.

Katika Kenya uwindaji wa leseni ulipigwa marufuku mwaka 1977. Katika Tanzania ungaliko kwa sheria na leseni zake. Lakini hata hapa kwetu, nyati akijeruhiwa na mtego, au ndovu akiua watu mashambani, askari huitwa, na askari huyo hana nafasi ya kujifunza akiwa kichakani.

Risasi laini ina madini ya risasi ndani na gamba la shaba nje, ila gamba hilo halifiki kwenye ncha. Ikigonga nyama, ncha hubonyea na kuchanua kama uyoga, ikapanuka na kufanya jeraha pana. Risasi ngumu ni kinyume chake: zamani ilifunikwa gamba gumu mpaka nchani, na siku hizi nyingi huchongwa kwa kipande kimoja cha shaba au shaba nyeupe. Hii haichanui. Kazi yake ni kupenya moja kwa moja. (Katika vita risasi zinazochanua zilikatazwa na tamko la Hague la mwaka 1899. Kwa mnyama, wawindaji huona kwamba risasi hizo hizo humwondolea mateso upesi.)

Kwa simba jambo si gumu. Ngozi yake ni nyembamba na mifupa yake si mizito, basi hupigwa kwa risasi laini. Ngumu yaweza kumtoboa na kutokea upande wa pili, naye akapata nguvu ya kukufikia.

Kwa ndovu ni ngumu tu. Ubongo wake umekaa chini na nyuma ya kichwa, na mbele yake pana mfupa mnene wenye vyumba vya hewa kama sega la asali. Risasi laini ikiingia humo huchanua kabla ya kufika, ikafa njiani. W. D. M. Bell, Mskoti aliyewinda Karamoja katika Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, aliua ndovu zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita 7, ambayo risasi yake ngumu haikuzidi gramu 12 hivi. Sisemi hayo kwa kumsifu. Idadi hiyo yahuzunisha. Lakini Bell alipasua mafuvu ya ndovu kwa msumeno ili ajue ubongo ulipo. Asiyeujua ubongo ulipo asijipime na Bell. Na achukue bunduki nzito zaidi, kama .375 ya mwaka 1912, yenye risasi ya gramu 19 hivi.

Sasa nyati, na hapa ndipo wengi hukosea. Dume lake huweza kufika kilo 800. Bega lake ni mfupa na misuli mitupu, na moyo umejificha chini, nyuma ya bega hilo. Mtu hufikiri kwamba akimkaribia mpaka hatua ishirini kazi imekuwa rahisi. Kwa kulenga, naam. Kwa risasi laini iliyo dhaifu, hapana. Maana karibu namna hiyo risasi haijapunguza mwendo, na kadiri iendavyo kasi ndivyo inavyochanua kwa nguvu. Yaweza kuvunjika vipande juu ya bega na isiufikie moyo. Lakini mkitumia ngumu ndani ya kundi, yaweza kumtoboa mliyemtaka na kumjeruhi jike aliye nyuma yake. Hapo mna nyati wawili majeruhi na hamjui ila mmoja.

Nilimwuliza mzee mmoja mfuata nyayo jinsi ya kuliandika jambo hili. Akacheka, akaniambia: "Mwandikie kwamba aliyepiga hubaki nyuma na bunduki yake. Atanguliaye kuangalia damu ni mimi, nami nina fimbo." Nyati majeruhi huweza kupinda akarudi kusimama kando ya njia yake mwenyewe, akawangoja. Na asipopatikana siku hiyo, kesho atakutwa na mama aendaye mtoni.

Kwa sababu hiyo wenye bunduki za mitutu miwili walizoea kutia laini katika mtutu wa kwanza na ngumu katika wa pili: ya kwanza kwa nyati aliyesimama ubavu, akiwa peke yake, ya pili kwa nyati akimbiaye, anapoonyesha matako au anapokuja kichwa mbele.

Mwaka 1946 Mmarekani aitwaye John Nosler alikuwa akiwinda huko Kanada mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu. Risasi zake zilipasuka juu ya bega lililoganda matope makavu, na mnyama hakuanguka. Aliporudi akatengeneza risasi yenye ukuta wa shaba katikati: nusu ya mbele huchanua, nusu ya nyuma hubaki nzima na kusukuma mbele. Baadaye zikaja risasi za shaba tupu zinazochanua bila kupoteza uzito. Kwa maoni yangu hizi ndizo zinazofaa zaidi kwa pigo la kwanza la nyati, na zina faida nyingine: hazimwagi chembe za madini ya risasi katika nyama, ambazo ni sumu kwa tai na kwa watu pia. Jimbo la California limekataza risasi za madini hayo kwa uwindaji wote tangu mwaka 2019.

Neno moja la kazi. Laini na ngumu, hata zikiwa za uzito mmoja, huenda zisipige mahali pamoja. Zijaribuni zote mbili kwenye shabaha kabla ya kwenda porini. Kisha zipangeni mbali mbali katika mkanda, laini kulia na ngumu kushoto, wala msizichanganye, ili mkono uzijue hata gizani.