Ununuzi wa jumla mtandaoni kwa wafanyabiashara wa Butembo na Beni
Wafanyabiashara wa Butembo na Beni, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambao kwa miongo kadhaa wamesafiri hadi Dubai na Guangzhou kununua bidhaa zinazopitia bandari ya Mombasa na mpaka wa Kasindi na Uganda, sasa wanaweza kuagiza kupitia soko la mtandaoni, yaani jukwaa la intaneti linalokutanisha viwanda na wanunuzi wa jumla, kama Alibaba iliyoanzishwa Hangzhou mwaka 1999. Kinga kuu ya mnunuzi ni malipo ya amana, ambapo jukwaa hushikilia fedha mpaka mzigo uthibitishwe. Muuzaji anayesisitiza kulipwa nje ya jukwaa humwondolea mnunuzi kinga hiyo yote, na ombi kama hilo likataliwe mara moja. Picha ya bidhaa nayo haitoshi: ya kitenge, kwa mfano, haionyeshi uzito wa kitambaa, kwa hiyo sampuli iagizwe kwanza, na ushuru wa forodha (duane) ukadiriwe mapema.