Mfumo uliofaulu Dar na kukwama Makambako

Kila aliyesafiri kwenda Nyanda za Juu Kusini anaijua Makambako. Hapo ndipo barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia inapoachana na ile ya Njombe na Songea. Reli ya TAZARA inapita hapo hapo, na malori yanapanga foleni kwenye mizani. Dereva wa lori anajua jambo ambalo mafundi wetu wengi wa kompyuta wanalipuuza, kwamba safari ina maswali mawili. La kwanza, njia ikoje? La pili, mzigo ni kiasi gani? Lori jipya likipelekwa tupu kwenye lami hadi Kibaha na kurudi, hakuna tajiri atakayekubali kuambiwa kwamba limeshajaribiwa kwa safari ya Ludewa wakati wa mvua.

Kwenye kompyuta tunakubali. Tena tunapiga makofi na kukata utepe.

Hebu tuchukue mfano wa mbolea. Serikali iliporudisha ruzuku ya mbolea msimu wa 2022/23, mkulima aliandikishwa kwenye daftari la kompyuta, akapewa namba, na wakala akatakiwa kuihakiki namba hiyo kupitia mtandao kabla ya kutoa mfuko. Sisemi kwamba mfumo huo ulijaribiwa vibaya. Nautaja kwa sababu unaonyesha nani anasubiri upande wa pili. Ni mtu aliyetoka Lupembe kwa nauli yake, mvua imeshaanza, shamba limelimwa, na mbele yake kuna karani anayetazama kioo cha kompyuta kinachozungusha duara. Mkoa wa Njombe unaishi kwa mahindi, viazi, chai, na siku hizi parachichi. Mbolea ya kupandia ikikosekana wiki mbili, hasara yake hailipwi kwa tangazo la kuomba radhi.

Ukiuliza kwa nini duara linazunguka, jibu la kwanza utakalopewa ni kwamba mtandao wa huko ni mdogo. Jibu hilo ni la kweli nusu. Nusu iliyobaki ni kwamba mwenye kutengeneza mfumo alijua, au alipaswa kujua, kwamba mtandao wa huko ni mdogo, na vyombo vya kumwezesha kuuona udogo huo akiwa mezani kwake vimekuwapo kwa zaidi ya miaka 25, vingi vyao bila malipo.

Vyombo hivyo ni vya aina mbili, na watu huvichanganya.

Aina ya kwanza huigiza njia. Nitakiita kiigizaji. Chenyewe hakitumi kitu. Kinakaa katikati, baina ya kompyuta ya karani na seva, na kila pakiti ya habari inayopita kinaifanyia uhuni wa makusudi. Hii kinaichelewesha, ile kinaitupa, nyingine kinaipitisha mara mbili au kuibadilishia zamu. Kinaweza pia kulibana bomba zima hadi lipitishe kidogo tu. Mwaka 1997 Luigi Rizzo wa Chuo Kikuu cha Pisa, Italia, alieleza chombo chake cha namna hiyo kiitwacho dummynet, ambacho kikawa sehemu ya FreeBSD. Kwenye Linux kuna netem, kazi ya Stephen Hemminger, ambayo imo ndani ya kiini chenyewe cha Linux. Maana yake ni kwamba fundi mwenye Linux anacho chombo hiki tayari, ajue asijue.

Aina ya pili huzalisha mzigo. Hicho ni kizalishaji. Hakijali njia ikoje. Kazi yake ni kumimina pakiti au maombi mengi na kuhesabu yaliyofika. Maarufu kuliko vyote ni iperf, na toleo lake la iperf3 linatunzwa na ESnet, mtandao wa watafiti ulio chini ya Maabara ya Lawrence Berkeley huko Marekani. Kuna D-ITG ya Chuo Kikuu cha Naples, inayoweza kuiga sura mbalimbali za mzigo, kama vile mazungumzo ya simu. Kuna TRex ya Cisco kwa wenye mitambo mikubwa, na JMeter ya Apache, ambayo hujifanya watu wengi wanaofungua kurasa kwa pamoja. Wenye fedha nyingi hununua mashine maalumu, kama zile za Ixia, kampuni iliyonunuliwa na Keysight mwaka 2017. Kwa ofisi ya halmashauri sioni sababu ya kufika huko.

Sasa, kipi bora? Ukiuliza hivyo ni kama kuuliza kama bora barabara au shehena. Lakini ukinibana niseme kipi kianze, nasema kiigizaji, na nitaeleza kwa nini, maana wauzaji wa mifumo wanapenda kuanza na kile kingine.

Chukua fomu moja ya kumwandikisha mkulima. Karani anaiona kama ukurasa mmoja. Chini kwa chini kompyuta yake na seva zinaulizana na kujibizana. Nani huyu? Ni fulani. Nipe orodha ya wilaya. Hii hapa. Nipe kata. Hizi hapa. Fomu iliyoandikwa kwa uvivu inaweza kwenda na kurudi mara 40 kabla ya kusema imehifadhiwa. Seva ikiwa chumba cha jirani, kila safari ya kwenda na kurudi ni milisekunde moja au pungufu. Safari 40 hazimalizi hata sehemu ya 20 ya sekunde. Kila mtu chumbani anatabasamu.

Hamishia fomu hiyo hiyo kwenye kituo kinachotumia satelaiti. Satelaiti ya kawaida ya mawasiliano iko juu kiasi cha kilomita 36,000. Swali linapanda na kushuka, jibu linapanda na kushuka, jumla kilomita 144,000, na kwa mwendo wa mwanga hiyo ni karibu nusu sekunde kabla mitambo haijaongeza ya kwake. Tuseme milisekunde 600. Zidisha mara 40. Ni sekunde 24 kwa fomu moja, na hakuna kilichoharibika, hakuna msongamano, karani ni mmoja na mkulima ni mmoja. Wakisimama wakulima 100 kwenye foleni, kuzungusha duara peke yake kunakula dakika 40.

Ongeza jingine. Muuzaji atakuja na iperf na kuonyesha kwamba laini ni megabiti 10 kwa sekunde, na atakuwa anasema kweli. Lakini programu ya zamani inayotuma kilobaiti 64 halafu ikasimama kungoja ithibati, kwenye ucheleweshaji wa milisekunde 600, haitapitisha hata megabiti moja kwa sekunde, uwe na bomba la megabiti 10 au 100. Piga hesabu mwenyewe: biti kama 524,000 kila sehemu 6 za 10 za sekunde. Bomba pana halisaidii kama mwenye ndoo anasubiri kila mara arudishiwe salamu ndipo achote tena. Kizalishaji kikipimia bomba hakikwambii hili. Kiigizaji kinakuonyesha siku ya kwanza.

Kuna atakayesema: mbona Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulianza kujengwa mwaka 2009 na umefika mikoani? Ni kweli, na ni jambo kubwa. Kutoka Njombe hadi Dar es Salaam ni kilomita 700 hivi. Ndani ya nyuzi za kioo mwanga huenda kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi ni milisekunde 7 tu, ukiacha mitambo ya njiani. Lakini wakala wa mbolea hana duka juu ya mkongo. Ana simu au modemu inayoshika mnara, na mnara huo unahudumia stendi nzima. Siku ya gulio milisekunde 7 zinageuka kuwa mia kadhaa, na mara nyingine sekunde nzima. Na kama seva yenyewe imekodiwa Ulaya, msikilizaji, hapo umeongeza safari ya bahari. Mei 12, 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini, na intaneti ikadorora Tanzania na kwa majirani. Siku ya namna hiyo inaweza kuigizwa mezani kwa amri chache za netem. Ni mfumo gani wa umma uliowahi kupewa mtihani huo kabla ya kuzinduliwa? Ningependa kusikia.

Hata hivyo kiigizaji nacho kina uongo wake. Netem ikiambiwa itupe pakiti 2 katika kila 100, kwa kawaida hutupa kama mtu anayerusha shilingi, moja hapa, moja pale. Mvua ya Njombe haitupi hivyo. Mawimbi kati ya mnara na mnara yakikatika, yanapotea makumi kwa mkupuo, kisha hali inakuwa shwari kwa dakika kadhaa. Netem ina namna ya kuiga mikupuo hiyo, iitwayo modeli ya Gilbert na Elliott, ila ni lazima fundi aiombe. Pia netem huchelewesha kinachotoka tu, si kinachoingia. Asiyeiweka pande zote mbili anapima nusu ya njia. Na isiwekwe kwenye kompyuta ile ile inayotuma mzigo, kwa kuwa hesabu zinavurugika. Dawa ni kompyuta ya tatu, hata kuukuu, yenye kadi mbili za mtandao, iketi katikati.

Tukija kwenye kizalishaji, kosa lake kubwa ni la adabu. Programu nyingi za kupima, JMeter ikiwamo katika mpangilio wake wa kawaida, huunda makarani wa uongo ambao kila mmoja anatuma ombi, anangoja jibu, ndipo anatuma jingine. Seva ikichoka, makarani nao wanapunguza kasi. Wana huruma! Basi ripoti inatoka nzuri. Wananchi hawana huruma hiyo. Basi kutoka Njombe linashusha watu Makambako saa tatu, jingine saa tatu na nusu, bila kuuliza kama seva imemaliza wale wa kwanza. Kwa huduma ya watu wengi kizalishaji kipangwe kitume maombi kwa ratiba, jibu lije lisije. Hapo ndipo utaona foleni inavyokua, na itakua haraka kuliko unavyodhani.

Tahadhari ndogo kwa walioko mikoani: iperf isichezewe saa za kazi. Megabiti 10 kwa sekunde kwa dakika 10 ni megabaiti 750, na kama ofisi inanunua bando, bando limekwenda, na wenzako wote wamekaa bila mtandao wakati wewe unapima.

Kazi yenyewe basi inaanzia Makambako na Ludewa, halafu ndipo inakwenda Dar es Salaam. Karani yeyote anaweza kupewa amri ya ping na daftari. Aandike ucheleweshaji na pakiti zilizopotea asubuhi ofisi inapofunguliwa, saa sita mchana, siku ya gulio, mwisho wa mwezi, na mvua inaponyesha. Ludewa waandike ya kwao, Makete ya kwao, kwa sababu aliyeko mwambao wa Ziwa Nyasa hana njia sawa na aliyeko njia panda ya Makambako. Namba hizo zitumwe kwa mtengenezaji, azitie kwenye kiigizaji chake, kisha juu ya njia hiyo mbovu ya kuigiza amimine mzigo wa kizalishaji. Vyombo viwili kwa pamoja, njia ya Ludewa na umati wa Desemba. Mfumo ukipita hapo, nitakuwa wa kwanza kupiga makofi.

Na jambo hili liandikwe kwenye mkataba kwa tarakimu, si kwa maneno ya jumla kama "mfumo uwe wa kasi". Kwa mfano: fomu ihifadhiwe ndani ya sekunde 10, ucheleweshaji ukiwa milisekunde 600 na pakiti 2 katika kila 100 zikipotea, huku makarani wengine 200 wakifanya kazi hiyo hiyo. Mtandao ukikatika katikati ya fomu, alichokwisha kuandika karani kisipotee. Awamu ya mwisho ya malipo isitolewe mpaka hayo yaonekane, na siku ya kuyaonyesha aalikwe karani mmoja kutoka Makambako. Akae yeye kwenye kibodi, mtaalamu wa kampuni asimame pembeni, mikono nyuma.