Jeraha Kufunga Si Kurudi Kazini



Katibu ameniomba niseme machache juu ya mwaka wangu wa kwanza kwa mtaalamu wa tiba ya kazi. Mkono wangu wa kulia ulibanwa tukiunganisha mabehewa. Daktari alishona, jeraha likafunga. Lakini vidole havikukunjika, na fundi wa reli asiyeweza kukaza spana ana kazi gani?

Kwanza, mtaalamu huyu haulizi unaumwa wapi tu. Huuliza: Wafanya kazi gani? Spana waishika vipi? Nyumbani, vifungo vya shati hufungwa na nani? Dawa yake hutoka katika majibu hayo. Mimi nilianza kwa kuokota maharagwe moja moja, nikakanda unga, nikageuza nati, mwisho nikapewa nyundo.

Pili, kiungo kisichotumiwa hukauka. Mazoezi kidogo mara nyingi kwa siku yashinda mengi ya siku moja. Lakini kila mtu afuate aliloambiwa yeye, kwani kano iliyoshonwa juzi ikivutwa kwa nguvu hukatika.

Tatu, kazi nayo yaweza kurekebishwa imfae mtu. Mpini wa spana ukizungushiwa mpira wa baisikeli huwa mnene, na mkono dhaifu huushika. Kuanza kwa kazi nyepesi ni jambo la mapatano na mwajiri, na hapo ndipo chama huingia.

Nne, kuna sheria ya mwaka 2007 ya fidia ya majeraha kazini. Mwajiri hulipa gharama za matibabu zinazostahili, hata magongo. Akiarifiwa ajali, naye humwarifu Mkurugenzi katika siku 7. Madai yaletwe kabla ya miezi 12 tangu ajali. Basi ripoti siku ile ile, kwa maandishi, na nakala uweke.

Ndugu zangu, bandeji ikitoka wengi wetu husema tumepona, twaenda zetu. Baadaye twaambiwa hatufai, na watoto wanangoja karo. Naomba mjumbe wa kila karakana amwulize kila aliyeumia: Je, umeandikiwa kwenda kwa mtaalamu wa tiba ya kazi? Kama bado, afuatane naye kwa daktari akaulize.

Mkono ndio shamba letu. Tusiuache ukamea magugu.