Mkono Usiopokewa



Wiki iliyopita, baada ya sala ya isha, nilipita katika ukumbi mmoja hapa kisiwani ambamo vijana hucheza pool, mchezo ambao wazee wetu wangaliuita biliadi na kuyamaliza, nikawakuta wanawake wawili mezani na halaiki ya watu imewazunguka. Mmoja wao, aliyekuja moja kwa moja kutoka kazini na buibui lake, aliinama kuupiga mpira mweupe, na mwenziwe akapaza sauti kwamba mkono wa buibui umegusa mpira, na kwa hivyo zamu imemtoka. Hapakuwa na aliyeona kwa yakini. Yakapita maneno ambayo adabu ya redio hainiruhusu kuyarudia, mchezo ukaendelea, hata mwishowe yule mlalamikaji akautumbukiza mpira mweusi, na mweupe nao ukaufuata shimoni polepole, kama unaomwonea haya. Na kwa kanuni ya mchezo huo, hapo ameshindwa. Mwenye buibui akamnyoshea mkono. Mkono haukupokewa. Fimbo ikatupwa juu ya meza, mipira iliyosalia ikatawanyika, na mwenyewe akatoka bila ya kwaheri.

Pembeni yangu bwana mmoja akasema, “Wanawake ndivyo walivyo.” Sikumjibu, maana bwana huyo huyo nilikwisha kumwona akitaka kupigana kwa ajili ya bao, tena la kete.

Insafu inatulazimu tukumbuke kwamba katika kumbi kama hizi aghalabu hapana refa. Mchezaji ndiye mshindani na ndiye shahidi wa kosa lake mwenyewe, na ushahidi wa namna hiyo wataka murua mkubwa kuliko ustadi wa mkono. Wala ustadi peke yake hauokoi. Jean Balukas wa Brooklyn, kule Marekani, aliutwaa ubingwa wa wanawake wa nchi yake mara saba mfululizo, tangu 1972, alipokuwa binti wa miaka 13, hadi 1978. Na mwanamke huyo, ambaye wengi walimhesabu kuwa hana wa kumfikia, aliuacha mchezo mwaka 1988 baada ya mzozo juu ya mwenendo wake mezani.

Lakini kwa nini twende Marekani, ilhali Mvita hii, Mombasa yetu, imewahi kuona mashindano ya wanawake ambayo meza ya pool mbele yake ni mchezo wa watoto? Katika miaka ya 1940 na 1950 wanawake wa mji huu walikuwa na vyama vyao vya lelemama, ngoma ya wanawake, na viwili vilivyovuma, Ibinaal Watan na Banu Saada, vilishindana kwa sare za mavazi, kwa karamu, na zaidi ya yote kwa nyimbo zilizotungwa makusudi kumfichua mpinzani, jina lake limefungwa ndani ya fumbo ambalo mtaa mzima ulilifumbua kabla ya ngoma kwisha. Margaret Strobel, mwanachuoni wa Kimarekani aliyechapisha kitabu juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa mwaka 1979, aliyapokea mengi ya hayo vinywani mwa wenyewe. Sisemi kwamba ilikuwa pepo: fedha ziliteketea, na masheikh walikemea, nami naona walikuwa na haki kwa upande wa israfu. Walakini ushindani ule ulikuwa na mlango wa kutokea ghadhabu, kwani aliyeimbwa leo alikwenda kwao, akakaa na malenga wa chama chake, na jawabu yake ikasubiri ngoma ya pili. Hasira ilipaswa kwanza kupita katika vina na mizani, na mtu anayehesabu mizani hana wasaa wa kutupa fimbo.

Kwa hayo nilikwenda Kibokoni kwa bibi mmoja, jirani yetu wa zamani, ambaye katika ujana wake aliwahi kuvaa sare ya lelemama, nikamhadithia niliyoyaona. Alikuwa akichambua mchicha, wala hakuinua macho.

“Sisi tulikuwa tukitukanana, mwanangu,” akasema, “tena kwelikweli. Lakini mwenye kutukanwa akikaa akasikiza mpaka mwisho, maana asiposikiza atajibu nini?” Kisha akauliza, “Na yule aliyenyima mkono, alilipa pesa za mchezo?”

Nikamwambia hakulipa.

“Na mwenziwe je, alifanyaje?”

Nikamweleza kwamba mwenziwe hakutamka neno. Aliikusanya mipira iliyotawanyika, mmoja mmoja, akatia sarafu yake mwenyewe ya shilingi 20, akaipanga yote ndani ya pembetatu, akaiweka fimbo kando ya meza kumngojea atakayekuja.

Bibi akanyamaza, akaukung’uta mchicha, akasema, “Huyo angetufaa chamani.”