Mtikisiko wa Ardhi: Tuuandike



Sisi wa Geita na Kahama tunaujua mtikisiko. Vyombo vinagongana, ukuta unapata ufa. Huyu anasema ni baruti ya mgodi, yule anasema ni tetemeko. Tutajuaje?

Mwamba mgumu umebeba uzito mkubwa. Ukipasuliwa kwa baruti, au kwa maji yanayosukumwa kwa nguvu, uzito ule unahama. Mwamba unakatika, ardhi inatikisika. Huko Basel, Uswisi, mwaka 2006, maji ya namna hiyo yalileta tetemeko la kipimo cha 3.4. Kazi ikasimamishwa. Lakini lile la Kagera, Septemba 10, 2016, la kipimo cha 5.9, lilikuwa la asili.

Wataalamu hutega vyombo vya kupimia mahali pengi. Hulinganisha saa mtikisiko ulipofika kila chombo, ndipo hujua ulikoanzia.

Nasi tuna daftari. Tuandike tarehe, saa na mahali. Tuulize saa za kulipua baruti, tulinganishe. Mwisho wa kila ufa tutie alama ya penseli na tarehe. Ufa ukivuka alama, tumwite mwenyekiti wa kijiji aone.

Maneno ya mdomo hubishaniwa. Yaliyoandikwa ni ushahidi.