6309: namba yenye inaamua bei ya balo



Wengi kati yetu tulianza kuuza nguo kule Zambia, mu kambi ya Meheba ao mu soko ya Solwezi. Kule tuliiita salaula, hapa ni friperi. Tangu turudie Lualaba, ulizo ni moja: juu ya nini balo yangu ililipiwa makuta mingi ku Kasumbalesa, ya mwenzangu kidogo, na zote ni nguo? Wenye kuomba makuta ya kahawa barabarani, tutawazungumuzia siku ingine. Leo ni namba.

Duane haiandike «nguo» tu. Inaandika namba, zenye zinatoka ku Shirika la Duane la Dunia, Bruxelles, na zinatumika tangu 1988. DGDA yetu inazifuata. Namba mbili za kwanza ni sura. Sura 61 ni nguo za trikoti: tishati 6109, pulovere 6110. Sura 62 ni za kitambaa kingine: suruali ya mwanaume 6203. Hata vifungo vinaangaliwa: upande wa kushoto ukilala juu ya kuume, nguo ni ya mwanaume. Na mutoto mwenye hapite santimetri 86, nguo zake ziko na namba mbali. Tulicheka wakati tulisoma hiyo, lakini ndiyo sheria.

Friperi yenyewe, suruali, tishati, kanzu, shuka, hata viatu vya ngozi, yote inaingia mu namba moja: 6309. Lakini iko na masharti mbili, na zote ni lazima. Alama ya kuvaliwa ionekane wazi. Tena ifike mu balo, mu mifuko, ao ya kumwangwa tu mu gari. Nguo yenye haijavaliwa hata siku moja haiko friperi, hata ukiifunga mu balo yenye kuchafuka. Na kuna vitu vyenye tunazoea kukuta ndani ya balo na haviingie pale: sakoshi ya zamani iko mu 4202, tapi hapana, michezo ya watoto hapana.

Pale ndipo muzigo unasimama. Wafazili walitutumia nguo juu ya watoto wa masomo. Uniforme mpya, na tiketi za bei zikiwa bado juu yake, zilikuwa katikati ya nguo za zamani. Deklaranti mumoja akaona ni rahisi aandike yote kuwa mpya. Bei yenye duane inahesabia ikapanda, haki ya duane ikapanda, na TVA ya 16% inahesabiwa juu ya zote mbili pamoja. Lori ikangoja, kila siku na makuta yake. Likelemba ya wamama ndiyo ililipa. Mama mwenye zamu yake ilifika mwezi ule alirudia nyumbani mikono mitupu, na alikuwa ameahidia mwenye nyumba.

Wafazili wapendwa, tunawaomba: mpya mbali, zamani mbali, fakture mbili. Hata zawadi inaandikwa bei.

Wanamemba, lombeni kopi ya deklarasio mbele ya kulipa, si kisha. Tafuteni namba. Balo ya friperi ikiandikwa 61 ao 62, semeni pale pale, na mulombe waandike sababu. Haki ya duane inalipwa ku banki, na bordero; si mu mukono. Na nguo zenu za kuvaa, zenye munarudia nazo na familia, musizitie mu balo ya biashara.

Kuna wenye wanasema hizi ni mambo ya karatasi tu. Mu 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa friperi toka dola 0,20 mupaka 2,50 kwa kilo. Mu 2018 Marekani ikaikatia nguo za Rwanda faida ya AGOA. Serikali mbili ziligombana juu ya balo hizi hizi.

Siku ya posho, mwenye iko na deklarasio ya zamani ailete ku ofisi, tutaisoma pamoja, namba kwa namba. Mwenye hajue Kifaransa asipate haya. Tutamusomea.