Sauti ya Mtoto na Ada ya Kila Mwezi
(Mada iliyotolewa na mwalimu wa kujitegemea wa watoto wenye mahitaji maalumu katika mkutano wa kata)



Nawashukuru kwa kunipa nafasi kati ya taarifa ya maji na taarifa ya barabara. Nitazungumzia jambo ambalo wengi hawalihesabu kuwa huduma: programu za kompyuta tunazotumia kuchora, kurekodi sauti na kuandaa picha za kufundishia watoto wenye mahitaji maalumu.

Ninaye mwanafunzi wa miaka tisa ambaye hasemi. Huzungumza kwa kugusa picha kwenye kishikwambi. Akigusa kikombe, husikika sauti ya mama yake ikisema kuwa mtoto anataka uji. Picha hizo nilizitengeneza kwa programu ya kulipia. Mwezi mmoja sikuweza kulipa ada kwa wakati; programu ikajifunga, na ubao wa picha ukafungwa pamoja nayo. Kwa siku kumi na moja mtoto yule hakuwa na njia ya kuomba maji isipokuwa kulia na kujipiga kichwani. Mama yake alidhani ugonjwa umezidi. Haukuwa ugonjwa; lilikuwa deni langu.

Mtaniuliza, kwa nini nisitumie picha zilizo tayari? Zipo nyingi, lakini nyingi zilichorwa kwa ajili ya watoto wa mbali: mkate wa vipande, basi la shule la rangi ya njano, theluji. Mtoto wa Uporoto anahitaji picha ya kiazi, ya sweta na ya ukungu wa asubuhi. Mtoto wa Ismani anahitaji ndoo ya maji na vumbi la njiani. Wanafunzi wangu wenye usonji hukishika kitu kama walivyokiona nyumbani, na kikombe cha kigeni si kikombe kwao. Ndiyo maana mwalimu hana budi kuchora.

Zamani mtu alinunua programu mara moja akaitumia kwa miaka. Mwaka 2013 kampuni ya Adobe, inayotengeneza Photoshop, ilitangaza kuhamia kwenye ada ya kila mwezi au mwaka, na kampuni nyingi zimeshika njia hiyo. (Programu iliyojifunga kwangu ilikuwa ya kampuni nyingine kabisa.) Ada huhesabiwa kwa dola na hudaiwa kwa tarehe ile ile. Lakini wazazi wanaonilipa ni wakulima wa viazi, mahindi na chai ya mashamba madogo, na fedha zao huja mazao yanapouzwa. Sijamwona mkulima anayevuna mahindi kila mwisho wa mwezi.

Punguzo kwa walimu lipo, lakini kwa kawaida hutaka uthibitisho kwamba unafundisha katika shule inayotambulika, nami sina mhuri wa shule. Hata vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 vilipogawiwa, vilikwenda kwa walimu wa shule za umma. Walivistahili, wala sina kinyongo. Nasema tu kwamba sisi hatukuwamo katika orodha yoyote.

Nilihamia kwenye programu huria, zisizodai ada. Watoto wanachora kwa Tux Paint, iliyoanza mwaka 2002. Mimi nachora kwa Inkscape na kurekodi sauti kwa Audacity. Kwa wasioona ipo NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Waaustralia wawili wasioona, Michael Curran na James Teh. Humsomea mtu maandishi ya kwenye skrini, na Kiswahili inakisoma kwa lafudhi ambayo wanafunzi wangu huiiga kwa vicheko. Njia hii si ngeni nchini: mwaka 2004 mradi uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Tangu nihame, ubao wa mwanafunzi wangu haujafungwa hata siku moja.

Hata hivyo, bure hii ina gharama zake. Kompyuta lazima iwepo, umeme na bando pia, na Inkscape ilinila likizo nzima kuielewa. Masharti nayo yasomwe. Picha za ARASAAC, hazina ya serikali ya jimbo la Aragon nchini Hispania, hutolewa bila malipo lakini si kwa biashara. Anayepokea ada kwa wazazi ajiridhishe kwanza.

Pale Iringa mjini kipo kituo cha Neema Crafts, kilichoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, kikianza na vijana viziwi wachache waliotengeneza karatasi. Wale wanafanya kazi pamoja katika karakana moja. Sisi walimu wa kujitegemea, kila mmoja ana kompyuta yake chakavu na deni lake peke yake.

Kwa hiyo naomba chumba cha kompyuta cha sekondari ya kata kifunguliwe kwa ajili yetu Jumamosi, wakati wanafunzi hawakitumii, luku tutachangia. Wazazi wangu nawaomba tukubaliane mchango mmoja kwa mwaka, baada ya mavuno, badala ya kudaiana kila mwezi. Tena, sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na katika hiyo asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Tunao vijana viziwi waliomaliza shule wenye mkono mzuri wa kuchora. Wakiunda kikundi cha kuchora mabango na kadi, wanaweza kuomba vifaa kupitia mkopo huo, na picha za watoto wetu wakazichora wao kwa malipo. Afisa Maendeleo ya Jamii yupo hapa; namwomba atueleze utaratibu kabla hatujatawanyika.